Mteremko wa Kwanza ni wa Fundi

Nasikia mnasema Mama Skola amechoka. Mnasema macho yamepungua, goti limekataa, akae nyumbani apepete maharage. Maharage nitapepeta, maana nayapenda. Lakini nani amewaambia kwamba mtu akistaafu gereji, pua yake nayo inastaafu? Pua yangu ingali kazini. Hadithi nitakayowapa leo ni ya pua hiyo, ya Landrova moja iliyozaliwa kabla ya wengi wenu, na ya lainingi za breki ambazo gereji nzima pale Kasulu iliziita orijino.

Kwa asiyenijua, jina langu ni Skolastika. Nimefunga breki tangu usichana wangu, kwanza Kibondo, kisha Kasulu, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka juu ya ribiti. Sikushika injini, sikupiga rangi. Breki tu. Walikuwepo walionicheka kwamba nimejifunza nusu ya ufundi, nami nikawajibu kwamba gari lisilowaka linakuacha nyumbani na watoto wako, lakini gari lisilosimama hukuamulia lenyewe pa kukupeleka. Nikisema hivyo walikuwa wananyamaza, si kwa sababu wamekubali, ila kwa sababu wengi wao walikuwa na safari ya milimani siku ile.

Niliingia kazini kwa mlango wa jikoni. Kibondo palikuwa na gereji ya misheni yenye mafundi wanaume watupu, na mimi nilikuwa nawapikia uji. Msimamizi wao aliitwa Mzee Gwasa, Muha mwembamba asiyependa maneno mengi, na alikuwa amechoshwa na vijana wanaopiga ribiti kwa pupa. Lainingi, kwa asiyewahi kuishika, ni ule ukanda mgumu unaokaa juu ya kiatu cha breki, na kiatu chenyewe ni chuma kilichopinda ndani ya drami la gurudumu. Ukikanyaga breki viatu vinatanuka, lainingi inasugua drami, gari linasimama. Kwenye magari ya zamani ukanda huo hushikiliwa na ribiti za shaba, na kila kichwa cha ribiti lazima kizame ndani ya lainingi. Kikichomoza, kinalima drami. Vijana wa Mzee Gwasa walikuwa wanaviacha vichomoze kwa sababu saa ya uji imefika. Asubuhi moja aliniona nimeinamia ungo, nachambua mawe kwenye mchele, akasimama kunitazama hadi nikaona haya. Akasema, "Weka ungo chini, njoo huku."

Madereva walipojua nani kapiga ribiti, wakagoma. Mmoja alisema mbele yangu, bila kushusha sauti, "Gari lililofungwa na mpika uji mimi silipandi." Mzee Gwasa hakugombana naye. Alimwambia, "Utapanda naye. Likikataa kusimama, mtakwenda wote." Basi nikakalishwa kiti cha mbele kama dhamana, nikashuka mlima na yule dereva aliyekuwa amenuna, gari limejaa saruji, mimi nimeshika dirisha kwa mikono miwili. Tulifika chini salama. Hakusema asante. Aliuliza kama uji umebaki.

Mnaona? Lilianza kama tusi. Lakini Mzee Gwasa hakuwa mtu wa kutupa kitu kinachofaa. Toka siku ile akaamuru kila anayefunga breki, mwanamume au mwanamke, apande gari hilo likiwa na mzigo na ashuke nalo mteremko wa kwanza. Si kuzunguka uwanjani. Si kukanyaga mara moja mbele ya gereji, tairi zikalia na watu wakapiga makofi. Mteremko, na mzigo, na wewe ndani. Tukawa tunasema, mteremko wa kwanza ni wa fundi. Nilipohamia Kasulu nilikuja na sheria hiyo kama wengine wanavyokuja na magodoro, na kila niliyemfundisha aliipokea kabla hajapokea spana.

Ninyi mmeiacha. Najua mnavyofanya siku hizi. Unafunga breki huku unaongea na simu, unamrushia mwenye gari ufunguo, unamwambia, "Jaribu mwenyewe, mkuu, ikisumbua utarudi." Atarudi na nini, kama imesumbua kwenye kona?

Kabla sijafika kwa Landrova, nichomeke mambo machache ya mkono, maana wengine mtasoma hadithi na kuacha kazi. Mkienda kununua lainingi za gari la zamani, msiulize kwanza itadumu muda gani. Hilo ndilo swali linaloua magari. Palikuwa na mwenye duka mmoja hapa Kasulu, mwenye pikapu kuukuu aliyoipenda kuliko duka lenyewe. Mtu akamshauri akate lainingi ya lori aifunge kwenye pikapu yake, kwa sababu ni ngumu na ngumu inadumu. Kweli ilidumu. Ilidumu ikila drami, msimu baada ya msimu, mpaka drami likawa jembamba kama sufuria ya mama ntilie, likapasuka. Lainingi nzima, drami limekufa. Akatafuta drami Kigoma, Tabora, Mwanza, akaagiza mpaka Dar es Salaam. Halipo, halitengenezwi tena. Pikapu ile mara ya mwisho niliiona kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kati ya vitu viwili vinavyosuguana, kipi nitakipata tena? Lainingi utaipata. Drami la gari la zamani hutalipata. Basi chagua lainingi inayokubali kuisha. Chukua msumari, ikwaruze pembeni. Msumari ukiteleza bila kuacha alama, mrudishie mwenye duka. Ukiona chembe za chuma zinang'aa ndani yake, mrudishie vilevile. Usifunge lainingi ya aina moja kushoto na nyingine kulia hata kama mteja anakulilia, gari litavutia upande mmoja siku ya mvua. Piga tupa ncha zake zisiwe na makali, la sivyo breki itang'ata badala ya kushika. Paka drami chaki, zungusha, fungua, uone lainingi imegusa wapi. Ikigusa katikati tu, kazi haijaisha, hata kama mteja ameshawasha gari. Na mtu akikuletea gari lililotiwa maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki, usimcheke sana. Dereva mmoja Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi, kwao breki huitwa mafren, aliniletea moja, akaniambia, "Mama, mafren inakataa kabisa, na nilitia sabuni ya muzuri." Tulicheka wote wawili, kisha nikamfungulia mfumo mzima.

Jambo jingine silisemi kwa kucheka. Vumbi la lainingi za zamani lina asbesto. Sisi tulikuwa tunalipuliza kwa mdomo, na mchana tunakula ugali palepale. Mzee Gwasa alikohoa miaka yake yote ya mwisho. Nilimtembelea, akawa anaanza sentensi kisha anaiacha kwenye kikohozi, mtu ambaye maneno yake yalikuwa machache tayari. Hakuna daktari aliyeniambia ni lile vumbi, lakini mimi nilikuwa nalo kwenye nywele zangu, ninajua. Kwa hiyo lowesheni kwanza, futeni kwa kitambaa, fungeni pua. Na mtu akiwaambia kila cha zamani kilikuwa bora, mwambieni aje aniambie mimi.

Haya, Landrova.

Mwenye nayo ni Mzee Bukuru wa Munanila. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni mwa mama yake. Leo ni raia, ana migomba, ana maharage, ana wajukuu, na ana Landrova ile. Wanawe wamemwambia mara nyingi auze chuma chakavu anunue Noah. Huwajibu kwamba Noah haijawahi kumzalisha mtu. Anamaanisha mke wake. Zamani, siku niliyomaliza kumfungia lainingi mpya, nilipanda naye kama sheria inavyotaka, tukaenda mpaka kwake Munanila ili tushuke na mzigo wa ndizi. Tukakuta mkewe ameshikwa na uchungu. Ndizi zikabaki. Mteremko ule wa kwanza nilishuka nikiwa nimempakata mama yule kichwa, nikimwambia asisukume bado, na kwa moyo nikiiambia lainingi yangu ishike. Ilishika. Tulifika hospitali, akazaliwa msichana, wakamwita Yvonne.

Mwaka huu ikafika zamu ya Yvonne kuolewa. Akasema hataki gari la kukodi lenye maua ya plastiki. Atashuka kutoka Munanila kuja kanisani Kasulu ndani ya Landrova ya baba yake, yeye mbele, kwaya nyuma. Mzee Bukuru akaileta Kasulu, kwenye gereji iliyokuwa yangu, ambayo sasa ni ya Jafeti.

Jafeti nilimfundisha mimi. Ana watoto wanne na mikono mizuri, na sitaki mumdharau katika hadithi hii. Lakini ana ugonjwa wa mji mzima, ugonjwa wa orijino. Aliposikia ni Landrova ya Mzee Bukuru, alikwenda mpaka Kibondo, akapata viatu vya breki kutoka Landrova nyingine iliyokufa uani kwa mtu, lainingi zake zikiwa bado nene. Zilikuwa zimelowa mafuta kidogo, akazimwagia petroli, akazichoma, akazisugua kwa msasa. Nilipopita pale, maana hupita pale kila siku hata kama hawaniiti, nilizikuta zimepangwa mezani kama sahani za wageni.

"Mwakeye, Mama Skola," akasema Mzee Bukuru. "Njoo uone. Orijino kabisa. Zimetoka na gari toka kiwandani."

Nikachukua kiatu kimoja, nikakipeleka puani.

"Hii Landrova ya Kibondo ilikuwa inabeba nini?" nikamuuliza Jafeti.

"Mizigo tu, mama. Mchanganyiko."

"Ilibeba mawese."

Wakacheka. Si Jafeti peke yake, gereji nzima. Lakini ninyi mnajua jinsi madumu ya mawese yanavyosafiri huku kwetu: kifuniko kimefungwa na kipande cha nailoni, gari linaruka mashimo, mafuta yanatiririka kwenye sakafu, yanapenya tundu za bodi, yanadondokea magurudumu ya nyuma. Lainingi inayanywa pole pole miaka na miaka. Ukiichoma kwa petroli umesafisha uso tu. Tumboni bado imeshiba. Na hapa kwetu juu kuna baridi, mawese yanaganda. Lainingi kama hiyo asubuhi ni kavu, inashika vizuri, unaweza kuisifu. Ipe joto, uone.

"Lete jiko la mkaa," nikasema. "Tuiweke juu kidogo tu."

Mzee Bukuru akainuka akanipokonya kile kiatu, kwa heshima lakini akanipokonya. "Reka, acha, Mama Skola. Utaniunguzia orijino yangu. Vya kale ni dhahabu."

"Dhahabu hainuki mchuzi."

"Mama," akasema Jafeti, sasa bila kucheka, "mimi nimezichoma. Hakuna kilichobaki. Niamini na mimi siku moja."

Maneno hayo yalinigusa, sikatai. Mtu uliyemfundisha akikuomba umwamini, unataka kumwamini. Nikasogea pembeni. Akazifunga. Kesho yake asubuhi, ukungu bado umelala kwenye migomba, akaijaribu barabara ya tambarare karibu na soko, akakanyaga, gari likasimama palepale, muuza maandazi akaruka pembeni. Watu wakashangilia. Mmoja akanipigia kelele, "Bibi, mawese yako wapi?"

Nikafungua mlango wa mbele wa Landrova nikapanda. Goti lilinipigia kelele kuliko wao.

"Unakwenda wapi?" akauliza Jafeti.

"Mteremkoni. Pakieni magunia ya mchanga, uzito wa kwaya nzima na ngoma zao. Na wewe unapanda."

"Mama, mambo hayo yalishapitwa na wakati."

"Mlima ulishapitwa na wakati?"

Mwanangu wa Dar es Salaam, ambaye sijui nani alimpigia, akanipigia simu wakati huohuo kunikumbusha kwamba nimestaafu na nina presha. Nikamwambia presha yangu ninaijua, ya breki zile siijui, nikakata. Nisingeshuka garini. Mtoto yule nilishuka naye mlima kabla hajauona ulimwengu, halafu nikae kibarazani napepeta maharage huku anashushwa mlima uleule na lainingi zilizoshiba mafuta? Hapana. Wangenibeba kunitoa, na hakuna aliyejaribu.

Mzee Bukuru akashika usukani, mimi katikati, Jafeti dirishani amekunja mikono. Tukapanda na magunia yetu mpaka juu karibu na Munanila, tukageuza. Jua lilikuwa limeshachomoza vizuri. Mteremko ule wengi mnaujua: una kona mbili, korongo upande mmoja, ukingo wa udongo mwekundu upande wa pili, na shamba la mihogo chini ya kona ya pili.

"Shuka na gia ya pili," nikamwambia Mzee Bukuru.

"Ya tatu inatosha. Breki zipo."

Kona ya kwanza zilikuwepo kweli. Alikanyaga, zikashika, akanitazama kwa jicho la pembeni, na Jafeti akaanza kupiga mluzi. Akakanyaga tena, na tena, kama mtu anavyofanya kwenye mteremko mrefu. Kisha Jafeti akaacha mluzi akanusa hewa.

"Kuna mtu anakaanga migebuka huku?"

Hakukuwa na nyumba upande wowote.

"Jiko ni gurudumu la nyuma, mwanangu," nikasema.

Mzee Bukuru alikanyaga. Pedeli ilikuwa ngumu, haikuzama, na hilo ndilo linalodanganya watu. Mguu unahisi breki, gari halihisi. Tukaendelea kushuka, mwendo ukiongezeka. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, ameinuka kwenye kiti, midomo yake inasema jina la Mungu kwa Kirundi. Niliogopa. Msije mkasema Mama Skola haogopi. Nikakumbuka kichwa cha mama yule mapajani mwangu.

"Mguu mmoja kwenye klachi," nikamwambia. "Ongeza mafuta ili gia ikubali, ingiza ya pili. Fanya."

Gia ililia kama mbuzi, ikaingia. Injini ikaanza kushika gari.

"Handbreki, Jafeti, pitisha mkono mbele yangu, vuta kidogo kidogo. Mzee Bukuru, egemea ukingo. Usiugonge, uegemee."

Udongo ukaanza kukwangua ubavu wa Landrova, kioo cha pembeni kikaenda zake, magunia yakatusukuma mgongo, na tukaingia kwenye mihogo polepole, tukasimama. Injini ikazima. Magurudumu ya nyuma yalikuwa bado yanachuruzika.

Jafeti alishuka wa kwanza. Alizunguka nyuma, akachuchumaa. Mafuta mekundu yalikuwa yanatoka chini ya drami, yanatoa moshi. Akagusa, akanusa kidole. Mnafikiri nilitaka kumwambia nilisema mimi? Nilitaka. Lakini Mzee Bukuru alikuwa bado ameshika usukani wa gari lililosimama, akasema, si kwetu, "Jumamosi ya harusi angekuwa Yvonne hapa pembeni yangu." Akalia. Mtu mzima, raia, mwenye wajukuu, akalia katikati ya mihogo ya watu, na Jafeti akaja akasimama mlangoni pake, naye macho yamelowa.

Tuliburutwa na trekta hadi Kasulu. Na hapa, kabla hamjanivika taji, sikieni lililobaki. Nyumbani nina sanduku, na ndani yake nilikuwa nimetunza bunda la lainingi ya kusukwa ya zamani, ile aliyoipenda Mzee Gwasa. Nilikuwa nimeihifadhi kwa siku kama hii. Nikalileta gerejini kwa majivuno yote. Jafeti akalitazama bila kuligusa.

"Hii ina lile vumbi, mama?"

"Inashika kuliko kitu chochote."

"Sikuuliza inashika vipi. Wewe ndiye uliyenikataza kuipuliza. Kwaya watakaa juu yake, mimi nitakuja kuifungua tena mwakani. Nani atakohoa?"

Nikalifunga tena bunda langu. Akatoa pakiti ya lainingi mpya zisizo na asbesto, aliyokuwa ameipuuza, iliyotumwa kwa basi na mpwa wake Mzee Bukuru kutoka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimeshaziita biskuti, za kuvunjika mara moja, bila hata kuzifungua. Tukazikwaruza kwa msumari, zikaacha alama. Tukazitafuta chembe za chuma, hazikuwa nazo. Safari hii jiko lililetwa bila ubishi, tukaweka kipande juu ya mkaa, Jafeti ananusa, mimi nanusa, Mzee Bukuru naye anainama ananusa, wazee na mafundi tumezunguka jiko lisilo na chungu. Hakukuwa na harufu ya chakula. Kijana alinishinda hapo, na sikupenda, na tulizifunga zile za pakiti.

Ribiti nilipiga mimi. Mikono ilitetemeka. Jafeti hakuninyang'anya nyundo. Aliweka kiganja chake chini ya kiwiko changu, akakiacha pale mpaka ribiti ya mwisho ikazama. Tukapiga ncha tupa, tukapaka chaki, tukaosha drami mpaka zikang'aa.

Siku iliyotangulia harusi magunia yalipakiwa tena. Nilipofika mlangoni nikakuta Jafeti ameshakaa kiti changu, mkanda amefunga.

"Toka hapo," nikamwambia.

"Mteremko wa kwanza ni wa fundi, mama. Gereji ni ya nani?"

"Ribiti ni za nani?"

Hakutoka. Mzee Bukuru alianza kusema kwamba nipumzike, nisubiri, watanipigia simu wakifika chini. Nikazunguka nyuma, nikaweka goti langu bovu kwenye bampa, nikapanda, nikakaa juu ya magunia ya mchanga. Tulishuka hivyo, mara moja, tukapanda, tukashuka tena, mpaka drami zikawa za moto kupita kiasi, na nilikuwa nimeinamisha kichwa nje ya bodi kama mbuzi anayepelekwa mnadani, nanusa. Nilisikia harufu ya vumbi na joto. Basi.

Jumamosi sikwenda Munanila. Kiti cha mbele kilikuwa cha bibi harusi, nyuma palikuwa pa kwaya. Nilisimama barabarani na wengine, na kitenge changu kipya, tukasikia nyimbo zinashuka kabla hatujaiona Landrova. Ilikuja taratibu, ubavu mmoja umekwanguka bado. Watu wote walimtazama Yvonne, na wanasema alipendeza mno. Mimi nilitazama gurudumu la nyuma. Lilikuwa kavu.

Halafu nikainua macho, nikamwona Jafeti. Hakuwa mwanakwaya, hakuwa ndugu, kadi ya mwaliko hakupewa. Alikuwa amesimama katikati ya waimbaji wa sauti ya nne ndani ya koti la kuazima lililomfika magotini, ameshika bomba la bodi, anafungua na kufunga mdomo bila kujua hata neno moja la wimbo.

Kwa hiyo ninyi mnaofunga breki leo, endeleeni kusema Mama Skola amechoka. Siku mkinionyesha gari mlilofunga, sitauliza mmetumia lainingi ya nani wala imetoka nchi gani. Nitauliza liliposhuka mlima mlikuwa mmekaa wapi.